Namna ya Kusoma Majibu ya Kipimo cha Kingamwili kwa Kuanzia Umbo Lake

Karatasi ya majibu ya maabara huwa fupi mno ikilinganishwa na uzito wa jambo inalolitaja. Mtu hukuta maandishi kama "IgG chanya, IgM hasi", au "anti-HBs 240", au "Widal O 1:160", kisha huachiwa mwenyewe atafute maana, hasa pale anapokuwa amejilipia kipimo na kuondoka na karatasi bila kuonana na daktari. Mwongozo huu unaeleza namna ya kusoma majibu ya aina hiyo. Haukusudiwi kuchukua nafasi ya daktari, bali kumwezesha msomaji kuuliza swali lililo sahihi atakapokaa mbele yake. Nitaanza na umbo la kingamwili yenyewe, kwa kuwa makosa mengi ya kusoma majibu haya yanatokana na kusahau kwamba kingamwili si kijidudu cha ugonjwa, bali ni protini iliyotengenezwa na mwili wa mgonjwa, kwa wakati wake na kwa kazi yake maalumu.

Tambua kwanza kilichotafutwa

Kabla ya kuangalia kama jibu ni chanya au hasi, soma jina la kipimo na ujiulize kama kimetafuta kingamwili au antijeni. Antijeni ni kipande cha kijidudu chenyewe, au kitu chochote ambacho kingamwili inaweza kukitambua na kukishika. Kipimo cha haraka cha malaria, kile ambacho wengi wanakiita MRDT, hutafuta antijeni, yaani protini inayotolewa na vimelea. Kwa hiyo jibu chanya linasema kwamba vimelea vipo, au vilikuwepo hivi karibuni, kwa kuwa protini ya HRP2 inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Vipimo vya kawaida vya kaswende, na kipimo cha damu cha bakteria wa tumbo aitwaye H. pylori kinachouzwa katika maabara nyingi za mitaani, hutafuta kingamwili, na jibu lake linasema tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kijidudu hicho. Baadhi ya vipimo vya VVU hutafuta vyote viwili kwa pamoja.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba vipimo vya antijeni navyo vimetengenezwa kwa kingamwili. Kitepe cha kupima mimba kina kingamwili zilizotengenezwa kiwandani ambazo hunasa homoni ya hCG kwenye mkojo. Katika kitepe hicho kingamwili ni chombo cha kupimia, wala si kitu kinachopimwa. Ufundi wa kuzalisha kingamwili za aina moja tupu, zote zikilenga mahali pamoja, ulianzishwa na Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975, na bila ufundi huo zisingekuwepo sehemu kubwa ya vitepe tunavyovitumia leo.

Ifahamu panda na mkia wake

Kingamwili ya kawaida katika damu, iitwayo IgG, ina umbo la herufi Y, mfano wa panda ya manati. Imeundwa kwa minyororo minne ya protini: miwili mizito na miwili myepesi, iliyofungwa pamoja kwa viungo vya salfa. Kila ncha ya panda imeundwa na mwisho wa mnyororo mmoja mzito na mwisho wa mnyororo mmoja mwepesi vikiwa vimelala sambamba, na hapo ndipo antijeni inaposhikwa. Katika kila ncha kuna vitanzi sita vidogo, vitatu kutoka kila mnyororo, na ni vitanzi hivi hasa vinavyotofautiana kati ya kingamwili inayoshika virusi vya surua na ile inayoshika sumu ya pepopunda. Mahali ambapo mikono inakutana na mkia pana sehemu inayokunjika, inayoiwezesha mikono kupanuka au kukaribiana kulingana na umbali wa vitu inavyovishika.

Rodney Porter wa Uingereza ndiye aliyeonyesha, mwaka 1959, kwamba mikono na mkia vina kazi tofauti. Alichukua kingamwili za sungura akazikata kwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, kilekile kinacholainisha nyama ya mishkaki wapishi wa pwani wanapoipaka papai bichi. Alipata vipande vitatu: viwili viliendelea kushika antijeni, na cha tatu hakikushika kitu ila kiliganda na kuwa fuwele. Vile viwili vikaitwa Fab na cha tatu Fc, majina yanayotumika hadi leo. Porter na Gerald Edelman wa Marekani, aliyeitenganisha minyororo yenyewe, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Mgawanyo huo wa kazi unastahili kukumbukwa kwa sababu unarudi katika kila jibu la maabara. Mikono hutambua, mkia huamua hatua inayofuata. Pale ambapo kuishika antijeni peke yake kunatosha, kama vile kuiziba sumu ya pepopunda isiweze kuingia kwenye neva, kazi inamalizwa na mikono. Pengine mkia ndio unaoita msaada: seli zinazomeza uchafu huushika na kumvuta bakteria ndani, seli nyingine huutumia kuitambua seli iliyoambukizwa na kuiua, na kundi la protini za damu liitwalo komplimenti hujipachika hapo na kutoboa ukuta wa bakteria.

Kuhusu jinsi mwili unavyoweza kutengeneza mabilioni ya ncha tofauti ilhali jeni zetu zote ni kama elfu ishirini tu, inatosha kusema kwamba kila seli B, yaani seli nyeupe ya damu ya ukoo unaotengeneza kingamwili, inapokomaa hukata na kuunganisha upya vipande vya jeni zake, ikapata mchanganyiko wake wa pekee. Susumu Tonegawa alipewa Nobel ya mwaka 1987 kwa kulifumbua fumbo hilo. Seli B ambayo ncha zake zimeafikiana na kijidudu kilichoingia huzaliana, na baadhi ya vizazi vyake hubaki kama seli za kumbukumbu kwa miaka mingi.

Soma herufi iliyo baada ya Ig

Ig ni kifupi cha immunoglobulini, jina la kitaalamu la kingamwili, na herufi inayofuata inataja aina ya mkia. Zipo tano, lakini karatasi nyingi hutaja mbili tu, IgM na IgG.

IgM hutangulia. Hutolewa katika siku za mwanzo za maambukizi, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi, na huwa ni Y tano zilizoungana kwa mikia, zikapata ncha kumi. Kila ncha peke yake huwa bado haijanolewa vizuri, lakini kwa kuwa ziko kumi, kingamwili nzima hushika kwa nguvu, na molekuli moja ya IgM iliyonasa juu ya bakteria inatosha kuanzisha komplimenti. Ukubwa wake huifanya ibaki zaidi ndani ya mishipa ya damu, na haipiti kwenye kondo la nyuma.

IgG hufuata, ikiwa na ncha zilizoboreshwa. Ndiyo inayounda takribani robo tatu ya kingamwili zote za damu, na nusu ya kiasi chake huchukua kama wiki tatu kuisha, wakati ile ya IgM huisha kwa siku tano hivi. Siri ya maisha marefu ya IgG imo mkiani: kuna kipokezi mwilini kinachoushika mkia wa IgG na kuiokoa isimeng'enywe. Kipokezi hichohicho ndicho kinachoivusha kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni.

IgA hulinda utando wa pua, matumbo na njia ya mkojo, na imejaa katika maziwa ya kwanza ya mama. IgE huhusika na mzio na minyoo, kwa hiyo kiwango chake kikiwa juu kwa mtu anayeishi penye kichocho si lazima kimaanishe pumu au mzio wa chakula. IgD hukaa juu ya seli B na haipimwi katika huduma za kawaida.

Kutokana na mpangilio huo, IgM chanya na IgG hasi huashiria maambukizi mapya, na zote mbili zikiwa chanya, maambukizi ya wiki au miezi ya karibuni. IgG ikiwa peke yake huashiria jambo la zamani au chanjo. Zote zikiwa hasi, ama mtu hajawahi kukutana na ugonjwa huo, ama amepimwa mapema mno. Hiyo ndiyo kanuni, na inasaidia, lakini isishikwe kama sheria. IgM ya rubela, ugonjwa wa virusi unaoweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa mfano, huweza kukaa kwa miezi, na huweza pia kuonekana chanya kwa makosa kutokana na maambukizi mengine. Mjamzito aliyepewa jibu la "IgM chanya" hapaswi kuchukua uamuzi wowote juu ya mimba kwa karatasi hiyo moja. Maabara kubwa zinaweza kupima jinsi IgG yake inavyong'ang'ania antijeni: IgG changa hubanduka kwa urahisi, ya zamani haibanduki, na hilo hutofautisha ugonjwa ulioingia wakati wa mimba na ule uliopita kabla yake.

Soma kitepe kwa saa, si kwa hisia

Katika vitepe vingi vya haraka vya VVU, tone la damu hupita kwanza mahali palipowekwa antijeni za virusi zilizobandikwa kwenye chembe za dhahabu, ndogo kiasi cha kuonekana kama rangi nyekundu tu. Kingamwili ya mgonjwa ikiwepo, mkono wake mmoja hushika antijeni yenye dhahabu. Kimiminika kinapopanda hadi mstari wa T, yaani mstari wa jibu, ambako antijeni nyingine zimegandishwa kwenye karatasi, mkono wa pili hushika hapo, na dhahabu ikabaki imenaswa. Mstari unaouona kwa macho ni kingamwili nyingi mno, kila moja ikiwa imeunganisha vitu viwili kwa mikono yake miwili.

Kwa hiyo mstari hafifu nao ni mstari. Ukionekana ndani ya muda ulioandikwa na mtengenezaji, huhesabiwa kuwa ni jibu la kushughulikiwa na huthibitishwa kwa kipimo kingine cha aina tofauti. Ukiibuka baada ya muda huo, hausomwi, kwa kuwa kitepe kinapokauka huweza kuacha kivuli. Mstari wa C, yaani ule wa kuhakiki kitepe chenyewe, usipotokea, kipimo kimeharibika na hurudiwa, hata kama T imeonekana. Tena, katika vitepe vingi mstari wa C huthibitisha kwamba kimiminika kilipanda na rangi inafanya kazi; hauthibitishi kwamba damu ya kutosha iliwekwa. Wanaojipima nyumbani wanapaswa kulijua hilo.

Jibu hasi nalo linasomwa pamoja na tarehe. Baada ya virusi kuingia hupita kipindi cha dirisha, ambacho kingamwili bado hazijafikia kiasi cha kuonekana, na ndiyo sababu mtu aliyejiweka katika hatari hivi karibuni hutakiwa kurudia kipimo baada ya miezi mitatu. Yule ambaye tayari anatumia dawa za kufubaza virusi asirudi kujipima kwa kitepe ili kuona kama amepona: kingamwili zikiendelea kuonekana hazisemi kwamba dawa zimeshindwa, na zikififia hazisemi kwamba virusi vimekwisha. Anachohitaji ni kipimo cha wingi wa virusi.

Namba zenye nukta mbili

Jibu la 1:160 linamaanisha kwamba majimaji ya damu yaliendelea kuonyesha dalili hata yalipozimuliwa mara 160. Katika kipimo cha Widal, kinachotumika kutafuta taifodi na kilichoanzishwa na Fernand Widal mwaka 1896, dalili hiyo ni kuganda vijonge: kingamwili moja hushika bakteria wawili, jirani yake hushika wengine, mpaka bakteria waliouawa na kuelea kwenye tone wanashikamana na kuonekana kama punje za mchanga kwenye kioo.

Kipimo hiki kinapendwa sana katika maabara zetu, na kwa maoni yangu kimewalisha watu wengi dawa za taifodi bila ya taifodi. Katika maeneo ambako watu hukutana mara kwa mara na jamii ya Salmonella, bakteria wa taifodi na ndugu zake, wengi wenye afya njema wana kingamwili hizo, na homa ya ugonjwa mwingine, malaria ikiwemo, huweza kuzipandisha. Kipimo kimoja chenye 1:80 au 1:160 hakithibitishi kitu. Chenye maana zaidi ni vipimo viwili vilivyoachana kwa siku kadhaa, cha pili kikiwa kimepanda angalau mara nne, kwa mfano kutoka 1:40 hadi 1:160. Kuotesha bakteria kutoka kwenye damu kabla ya kuanza antibayotiki ndiyo njia ya kuaminika zaidi, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama inapatikana.

Katika kaswende namba hizo zina faida kubwa zaidi, mradi zisomwe vizuri. Vipimo vinavyotafuta kingamwili dhidi ya bakteria mwenyewe, vikiwemo vitepe vya kliniki za wajawazito, kwa kawaida hubaki chanya maisha yote hata baada ya tiba. Kipimo cha RPR, ambacho ni kipimo kingine cha kaswende, hushuka mtu anapotibiwa, na kushuka mara nne, tuseme kutoka 1:32 hadi 1:8, ndiyo alama ya kwamba tiba imefanya kazi. Kuna mtego mmoja ambao umbo la Y linaueleza: kingamwili zikizidi mno, kila mkono hupata antijeni yake pekee, hakuna kinachounganishwa na kingine, na jibu huonekana hasi. Mtaalamu wa maabara anayeshuku hali hiyo huzimua sampuli na kupima tena.

Mfano wa karatasi nzima: homa ya ini B

Ugonjwa huu ni shule nzuri kwa sababu karatasi moja huweka antijeni na kingamwili pamoja. HBsAg ni antijeni ya ganda la virusi. Ikiwa chanya, virusi vipo, na ikiendelea kuwepo zaidi ya miezi sita, maambukizi huhesabiwa kuwa sugu. Anti-HBs ni kingamwili dhidi ya ganda hilo, na kiwango cha mIU 10 (elfu-moja za kizio cha kimataifa) au zaidi kwa mililita huhesabiwa kuwa ni kinga. Anti-HBc ni kingamwili dhidi ya kiini cha virusi. Chanjo ina protini ya ganda pekee, haina kiini. Kwa hiyo aliyechanjwa tu hawezi kupata anti-HBc kutokana na chanjo.

Sasa karatasi inasomeka. Mwenye anti-HBs peke yake amekingwa kwa chanjo. Huyo ndiye mwenye "240" niliyoitaja mwanzoni, na hana sababu ya hofu, ingawa nimesikia zaidi ya mara moja watu wakidhani namba kubwa ni ugonjwa mkubwa. Mwenye anti-HBs pamoja na anti-HBc aliugua akapona. Mwenye HBsAg na anti-HBc ana maambukizi, na IgM ya anti-HBc ikiwepo, huenda ni mapya. Mwenye anti-HBc pekee ana maelezo zaidi ya moja, na hapo daktari anahitajika. Ambaye zote ni hasi hana maambukizi wala kinga, na akachanjwe. Aliyechanjwa zamani akikuta kiwango chake kimeshuka chini ya 10 asidhani kwamba chanjo imepotea bure: ikiwa aliwahi kufikia kiwango cha kinga, seli za kumbukumbu kwa kawaida bado zipo.

Homa ya ini C husomwa kinyume cha matarajio ya wengi. Anti-HCV chanya haimaanishi kinga, wala haithibitishi kwamba virusi bado vipo, kwani wapo wanaovishinda wenyewe au kwa dawa na kingamwili zikabaki. Hutafutwa vinasaba vya virusi ndipo uamuzi ufanyike. Vivyo hivyo, mtu aliyetibiwa H. pylori asipimwe damu kuangalia kama amepona, kwa kuwa IgG huweza kubaki kwa muda mrefu; apimwe antijeni kwenye choo au apimwe kwa pumzi, wiki nne au zaidi baada ya kumaliza dawa.

Majibu ya mtoto mchanga

Damu ya mtoto mchanga imejaa IgG za mama yake. Ndizo zinazomkinga na pepopunda ikiwa mama alichanjwa, na ni miongoni mwa sababu za chanjo ya surua kusubiri hadi miezi tisa katika nchi zetu, kwani kingamwili za mama zingevizima virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto wa mama mwenye VVU aliye chini ya miezi 18 akipimwa kwa kitepe na jibu likawa chanya, kingamwili zilizoonekana huenda ni za mama. Huchukuliwa matone machache ya damu kisiginoni, yakakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara kutafutwa vinasaba vya virusi. Anayeendelea kunyonya hupimwa tena baada ya kuacha ziwa, hata kama jibu la kwanza lilikuwa hasi.

Kwa kuwa IgM ya mama haivuki, IgM dhidi ya rubela ikionekana kwa mtoto mchanga huhesabiwa kuwa yake mwenyewe. Katika kaswende, RPR ya mtoto hulinganishwa na ya mama iliyopimwa kwa njia ileile na, inapowezekana, katika maabara ileile. Ikizidi ya mama mara nne au zaidi, mtoto ameambukizwa, na isipozidi, bado hatangazwi kuwa salama mpaka ichunguzwe kama mama alitibiwa kwa penisilini angalau siku 30 kabla ya kujifungua.